Mguu wa Kushoto wa Mfumaji

Vioo kumi vya kwanza vya hadubini havikumwambia Daktari Wubit Aboneh lolote ambalo hakulijua. Nyama iliyokuwa juu ya vioo hivyo ilitoka katika korodani ya kulia ya mfumaji mmoja wa mtaa wa Shiro Meda, iliyoondolewa siku kumi na saba zilizopita kwa kudhaniwa kuwa ina saratani, na kila kioo kilionyesha jambo lilelile: nyama iliyokufa kwa kukosa damu. Seli ya saratani haikuwapo hata moja. Msaidizi wake alikuwa amekwisha kuandika rasimu ya taarifa. Nyama imekufa, yaelekea korodani ilijisokota, hakuna uvimbe mbaya. Kilichosubiriwa ni sahihi ya Wubit tu.

Hakuitia. Juu ya meza yake kulikuwa na orodha ya upasuaji wa kesho, na jina la kwanza lilikuwa la mfumaji yuleyule. Anjulo Chondiro, miaka thelathini na minne. Kuondoa korodani ya kushoto. Saa mbili asubuhi.

"Gashe Belachew," alimwita kwa heshima fundi wa maabara, mzee aliyekata vipande vya nyama katika chumba kile kwa miaka thelathini. "Bado kuna nyama kwenye boksi la mgonjwa huyu?"

"Ipo. Ila saratani haiji kwa kutafutwa mara nyingi, mwanangu."

"Sitafuti saratani. Nikatie pembeni, pale mishipa ya damu inapoingilia. Halafu upake ile rangi nyeusi."

"Ya kuonyesha ukuta wa ateri?" Mzee alijipapasa kipara. "Mara ya mwisho kuipaka nilikuwa na nywele."

"Unakumbuka inavyopakwa?"

"Nywele ndizo zilizoondoka. Kichwa kipo."

Kioo cha kumi na moja kilifika saa tisa alasiri. Wubit alikiweka chini ya hadubini, akakisogeza polepole kwa ncha ya kidole mpaka alipoiona ateri ya kwanza, akaacha kusogeza. Mshipa wenye afya, ukipakwa rangi ile, huwa na duara jeusi lililokamilika. Hapa duara lilikuwa limekatika. Upande mmoja ukuta ulikuwa mzima. Upande wa pili ulikuwa umeliwa wote, na mahali pake palijaa utando wa rangi ya waridi na kundi la seli za kinga zilizobanana. Ateri ya pili ilikuwa na kovu la zamani. Ya tatu ilikuwa imetuna kama mpira wa baiskeli unapokaribia kupasuka.

"Njoo uone, Gashe."

Belachew aliinama, akahesabu. "Tatu. Na hazikuharibika siku moja."

"Korodani iliyojisokota hufa kwa saa chache, yote kwa pamoja," alisema Wubit. "Hii iliuawa kidogo kidogo, na aliyeiua alikuwa akirudi."

Alikiondoa kioo, akakifunga katika karatasi laini, akapanda ghorofa ya pili.

* * *

Dokta Sahlu, bingwa wa upasuaji wa njia ya mkojo, alikuwa na hadubini yake mwenyewe dirishani, ya shaba, ambayo wanafunzi wake walidhani ni pambo. Wubit aliwahi kuwa mmoja wa wanafunzi hao. Sahlu alikipokea kioo, akakiweka chini ya lenzi, akatazama.

"Ateri," alisema mwishowe.

"Tatu. Moja ina kovu, moja ina kidonda cha wiki kadhaa, moja ilikuwa bado inashambuliwa siku uliyoikata. Si saratani, Dokta. Si kifua kikuu. Na haikujisokota. Ni mwili wenyewe unaoshambulia kuta za mishipa yake."

"Nimeona mmoja tu maishani mwangu."

"Mimi sijaona hata mmoja. Nimesoma."

Sahlu aliketi. "Basi umesoma pia kwamba ugonjwa huu ukikaa ndani ya korodani peke yake, dawa yake ni kisu. Unaikata, mgonjwa anakwenda nyumbani, hamezi hata kidonge."

"Ukikaa peke yake."

"Kende la kushoto sasa lina ugumu uleule na maumivu yaleyale. Nililitoa la kulia likiwa limekwisha kufa. Hili nalo litakufa. Nisubiri lioze?"

"Faili lake linasema nini kuhusu presha?"

"Mia moja na sitini juu, mia moja na tano chini. Mtu aliyekwisha kukatwa mara moja akiniona mimi, presha ifanye nini, ishuke?"

"Na kilo sita alizopungua?"

"Alifunga mfungo wa Hudade. Siku hamsini na tano bila nyama, bila maziwa, bila yai. Hata wewe ulipungua, nilikuona."

"Na mguu wa kushoto? Umeandika mwenyewe kwamba una udhaifu."

"Baada ya sindano ya ganzi ya mgongoni. Hutokea mara chache, lakini hutokea." Alikunja vidole vitatu, kimoja kimoja. "Unaona? Kila kimoja kina baba yake."

"Watoto watatu, baba watatu, nyumba moja, mwaka mmoja," alisema Wubit. "Kijijini kwetu majirani wangeuliza maswali."

Mzee alikaribia kucheka. Kisha akaacha. "Nikubaliane nawe kwamba huenda ugonjwa uko mwili mzima. Nionyeshe sehemu ya pili. Si presha, si kilo, hizo za kila mtu. Nionyeshe mahali pengine mwilini ambapo ateri zake zimekufa, na pawe palianza kabla sijamgusa. Ukikosa, kesho saa mbili nakata."

"Hana mtoto, Dokta."

"Nalijua hilo. Nililiandika mimi."

* * *

Wodi ya wanaume ilikuwa na harufu ya dawa ya kufutia sakafu na kahawa ambayo mtu fulani alikuwa ameipitisha kwa siri. Anjulo Chondiro alikuwa ameketi kitandani, mabega yamechongoka, mikono mikubwa imetulia juu ya shuka. Pembeni yake, karibu na dirisha, mke wake Ayelech alikuwa akisokota pamba kwa mti mwembamba wa kusokotea, bila kuutazama, kama ambavyo wengine huzungusha tasbihi.

Wubit alijitambulisha. Alisema yeye si wa kukata; ni wa kuangalia kilichokatwa.

"Ndiyo mara ya kwanza namwona wa aina yako," alisema Anjulo. "Nilidhani mnatupa."

"Hatutupi. Nimekaa na chako tangu asubuhi." Alivuta kiti. "Inua vidole vya miguu yote miwili, kama unavivuta kuja kwako."

Mguu wa kulia ulitii. Wa kushoto ulibaki umelala, vidole vimeelekea chini. Wubit alipitisha ncha ya kalamu juu ya unyayo, kisha juu ya mfupa wa mguu.

"Unasikia?"

"Kama mtu anayenigusa nikiwa nimevaa soksi."

"Tangu lini?"

"Tangu sindano yenu ya mgongo." Alijibu haraka, na bila hasira. Wubit aliyazingatia yote mawili. Mtu aliyelemazwa na sindano ya hospitali kwa kawaida huwa na hasira.

"Siku hiyohiyo?"

"Nilipoamka."

"Kabla ya hapo ulikuwa ukifanya kazi sawasawa?"

"Niulize Shiro Meda nzima. Mimi ndiye ninayefuma mapindo ya maarusi."

Mti wa kusokotea ulikuwa umesimama. Ayelech aliuanzisha tena, lakini uzi ulikatika, naye alitoa sauti ndogo ya kujilaumu na kuinama kuuokota. Alipoinama, netela nyeupe aliyojitanda ilishuka begani, na mwanga wa dirisha ukapita ndani yake. Kilikuwa kitambaa chepesi, kizuri, chenye pindo la kijani na dhahabu. Wubit alikuwa amekwisha kuyaondoa macho yake pale aliposhtuka na kuyarudisha. Sehemu moja ya kitambaa ilikuwa safi kama maziwa. Sehemu nyingine, kuelekea ncha, ilikuwa na vijitundu vya mwanga, vifupi, vimepangana katika mistari.

"Kazi yake?" aliuliza.

"Zawadi yangu ya Fasika," alisema Ayelech.

"Inapendeza. Naomba niishike."

"Ayelech," alisema Anjulo.

"Anataka kuishika tu."

Wubit aliitandaza juu ya magoti yake. Hakujua lolote kuhusu ufumaji, na alilisema hilo. "Nifundishe. Vijitundu hivi ni vya urembo?"

Ayelech alimtazama mumewe, kisha akamtazama daktari. "Urembo gani, Daktari? Hiyo ilirudishwa. Mteja aliikunja mara mbili akasema hata bei ya shuka la kitandani hatoi. Ndiyo maana ikawa zawadi."

"Nyamaza, mwanamke," alisema Anjulo, kwa upole uliochoka.

"Nimenyamaza miezi miwili. Nimepata nini?" Alisogea, akaweka kidole juu ya kitambaa. "Tazama. Mfumaji anakaa ukingoni mwa shimo, miguu chini, mguu huu una kanyagio lake na huu una lake. Akikanyaga kulia, nusu ya nyuzi za mtande zinapanda, anarusha uzi wa mshindio katikati. Akikanyaga kushoto, inapanda nusu nyingine, anarusha tena. Hivyo hivyo mpaka jioni. Sasa mguu ukikosa nguvu, nyuzi hazipandi zote. Uzi unazirukia zile zilizobaki chini. Ndiyo hivi vijitundu."

"Viko kila mstari?"

"Hesabu mwenyewe."

Wubit alitoa lenzi mfukoni, akahesabu mistari ishirini. Mstari mzima, mstari wenye kasoro. Mzima, wenye kasoro. Alihesabu mingine ishirini. Haikubadilika.

"Mguu mmoja," alisema.

"Mmoja. Wa kulia uko salama, mstari wake haujakosa hata mahali pamoja."

"Alianzia upande gani wa kitambaa?"

"Huu safi. Hapa katikati ndipo mguu ulipoanza kumwangusha. Mwanzo kimoja kimoja, halafu ona hapa, mstari mzima. Siku nne hizo. Kitambaa kimoja humchukua siku nne."

"Na ilikuwa lini?"

"Wiki ya sita ya mfungo. Mteja alikitaka kwa ajili ya Fasika."

Wubit alipiga hesabu. Fasika, sikukuu ya Pasaka, iliangukia tarehe nane ya mwezi wa Miyazia, mwishoni mwa wiki ya nane ya mfungo. Sindano ya ganzi ilichomwa tarehe tatu ya Ginbot, mwezi unaofuata. Mguu ulikuwa umeanza kufa zaidi ya wiki tano kabla ya sindano kuugusa mgongo, na kabla ya korodani kuuma.

Alimgeukia Anjulo. "Kwa nini ulisema ni sindano?"

Anjulo alitazama mikono yake. "Shimo ninalofumia si langu, ni la mjomba. Mfumaji mgonjwa wa homa husubiriwa. Mfumaji asiye na mguu anatolewa shimoni, anakaa mwingine. Sindano ni kosa lenu. Labda angesubiri mpaka mnitengeneze. Mguu unaokufa wenyewe, nani asubiri?"

"Kilo sita ulizopungua, zilirudi baada ya Fasika?"

"Zirudi wapi," alisema Ayelech. "Wiki nzima ya sikukuu kuna nyama kila nyumba, watu wanafungua mikanda, huyu alikuwa anatoboa tundu jipya kwenye wake."

"Na mgongo?" Wubit alikuwa ameona, kupitia uwazi wa nyuma wa gauni la hospitali, safu mbili za makovu madogo, kila moja refu kama punje ya mchele.

"Ulikuwa unaniuma Meskerem, mwezi wa kwanza wa mwaka huu," alisema Anjulo. "Kuna mtu sokoni anachanja na kuumika kwa pembe. Damu mbaya inatoka."

"Wembe ulikuwa mpya?"

"Sikuuliza. Tulikuwa watu sita, tulipanga foleni."

Wubit aliandika: Meskerem, watu sita, wembe. Aliirudisha netela kwa Ayelech, kisha akaiomba tena.

* * *

Sahlu aliitandaza juu ya kioo cha mwanga kinachotumiwa kusomea picha za eksirei. Alihesabu mistari yake mwenyewe, kwa ncha ya kisu cha kufungulia barua, midomo ikisogea.

"Kamwe sijasoma faili la namna hii," alisema.

"Neva ya mguu hulishwa na ateri za ukubwa uleule. Zilikufa mguuni kwanza, kisha korodanini. Ni sehemu ya pili, Dokta, na ulikuwa bado hujamgusa."

"Sawa. Ni mwili mzima." Alisema bila kuzunguka, na Wubit akakumbuka kwa nini alimpenda kama mwalimu. "Lakini ona nilipo. Ultrasaundi ya leo inaonyesha damu bado inapita kwenye la kushoto. Kesho kutwa huenda isipite. Bila dawa litakufa, na likifa nitalikata tu, lakini safari hiyo pengine likiwa na usaha. Kwa hiyo mwambie daktari wa ndani aanze dawa kali za kutuliza kinga usiku huu, nami nitaliacha."

"Hawezi kuanza kabla hatujajua kuhusu homa ya ini. Virusi vya homa ya ini aina ya B ni chanzo kinachojulikana cha ugonjwa huu. Kama anavyo, tukimpa zile dawa kali peke yake virusi vitaachiwa uwanja, na ini litakwenda. Anahitaji dawa ya virusi kwanza, zile nyingine kwa muda mfupi tu."

"Hana. Amepimwa, ana cheti." Sahlu alifungua faili. "Mwezi wa Hidar, mwaka huu wa 2015. Miezi sita."

"Apimwe tena."

"Unaijua amri ya maabara yako kuliko mimi. Vipimo vimebaki vichache, ni vya wajawazito na wachangia damu. Aliyepimwa ndani ya mwaka hapimwi. Nikikusainia wewe, kesho nitawasainia kumi."

"Alichanjwa kwa wembe wa foleni mwezi wa Meskerem."

"Na akapimwa Hidar, miezi miwili baadaye. Hana."

Hapo palikuwa na ukuta, na Wubit aliupapasa kila upande. Miezi miwili ingetosha, kwa watu wengi, kipimo kuonyesha. Kama cheti kilikuwa cha kweli, virusi havikuwa njia.

"Cheti chenyewe kiko wapi?"

"Alinionyesha siku ya kwanza, nikanakili. Kiko kwao."

"Nataka kukiona."

"Wubit."

"Wewe ndiye uliyetufundisha tusisome nakala kama asili ipo."

Sahlu alizima taa ya kioo cha mwanga. "Orodha yangu haibadiliki mpaka kitu kibadilike. Saa mbili."

* * *

Ayelech, ambaye Wubit alimwomba jioni ile akalete cheti, alishuka kutoka kwao mlimani alfajiri na kufika maabara saa moja na dakika ishirini, kandambili zake zimelowa umande. Alitoa mkobani kopo la majani ya chai, na ndani ya kopo, pamoja na picha ya harusi, kadi ya manjano ya wakala wa kusafirisha wafanyakazi.

"Alitaka kwenda Jeddah kuwa mlinzi," alieleza. "Wakampima kila kitu, wakala akatoweka na watu wakabaki na kadi. Kila mahali tukiulizwa vipimo, tunaitoa. Ndicho cheti pekee tulicho nacho."

"Alitaka kwenda lini?"

"Kabla hajanioa."

Wubit aligeuza kadi. Virusi vya homa ya ini B: hana. Muhuri wa zambarau. Tarehe iliandikwa kwa tarakimu, kwa wino uliofifia: 31/3/2015.

Aliiweka kadi mbele ya mzee. "Gashe Belachew. Mwezi wa tatu ni upi?"

"Hidar. Wewe hujui?"

"Hidar ina siku ngapi?"

"Thelathini. Kama mingine yote, ukiacha kile kimwezi kidogo cha mwisho." Belachew alivaa miwani, akasoma, akavua miwani. "Nani amewahi kuona Hidar ya siku thelathini na moja?"

"Hakuna. Hii si kalenda yetu. Wakala alipeleka watu Uarabuni, akaandika kwa kalenda ya kigeni. Mwaka 2015 wa kwao ni 2007 wetu. Mtu aliiona 2015, nasi tuko 2015, akaona mwezi wa 3 akaandika Hidar. Kipimo hiki hakina miezi sita. Kina miaka minane."

"Kabla ya wembe," alisema Belachew.

"Miaka saba kabla ya wembe."

Ilikuwa saa moja na dakika thelathini. Alipanda ngazi mbili mbili, kadi mkononi, Ayelech nyuma yake.

Kwenye korido ya chumba cha upasuaji Anjulo alikuwa amelazwa tayari juu ya machela, gauni la kijani, kofia ya kitambaa. Sahlu alikuwa kwenye beseni, amefika viwikoni akijisugua kwa sabuni. Wubit aliinua kadi mbele ya macho yake kwa sababu mikono yake ilikuwa na povu.

"Soma siku, Dokta. Usisome mwaka."

Maji yaliendelea kutiririka. Sahlu alisoma. Aliufunga mfereji kwa kiwiko, kwa mazoea, kisha akachukua taulo ambalo halikuwa safi kwa upasuaji, akajifuta mikono yote miwili mpaka ikakauka, na kila aliyekuwa pale akaelewa maana yake.

"Mwandiko wa faili ni wangu," alisema.

"Naujua."

"Lete fomu."

Aliisaini akiwa ameibana ukutani. Wubit mwenyewe alitoboa kidole cha Anjulo, tone moja, na Belachew, ambaye alikuwa amepanda ngazi akihema kipimo kikiwa mfukoni, alikiweka ukingoni mwa dirisha. Dakika kumi na tano. Hakuna aliyeketi. Muuguzi alikuja kuuliza kama chumba kiendelee kusubiri. Sahlu alimjibu kwa kuinua kidole kimoja. Dakika ya nne mstari wa kwanza ulijitokeza, ule wa kuonyesha kwamba kipimo ni kizima. Dakika ya saba chini yake palikuwa na kivuli. Dakika ya kumi kivuli kilikuwa mstari.

Belachew alisubiri dakika zake zote kumi na tano, maana ndivyo alivyofundishwa. "Miwili," alisema. "Anavyo."

"Nitampigia daktari wa ndani," alisema Wubit. "Dawa ya virusi ianze leo, na zile nyingine pamoja nayo, kwa wiki chache. Mke naye apimwe, akikutwa hana, achanjwe. Sijui kama ni wembe uliofanya hivi. Huenda nisijue kamwe. Lakini sasa tunajua cha kutibu."

Sahlu alivua kofia yake ya upasuaji. Alikwenda machelani peke yake, na Wubit hakumfuata karibu sana, ingawa alisikia yote.

"Anjulo, leo sikati."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si saratani. Na lile la kwanza halikuwa saratani. Nilikwambia ni saratani, nilikosea."

Mfumaji alimtazama akiwa amelala, kisha akajiinua kwa viwiko. "Mlilitoa bure?"

"Lilikuwa limekwisha kufa nilipolitoa. Lakini sikujua limekufa kwa nini, na nilitaka kutoa la pili bila kujua. Daktari Wubit alitafuta. Una virusi kwenye damu, mwili unapigana navyo na unaharibu mishipa yako. Kuna dawa."

"Hili litabaki?"

"Damu bado inapita. Tukianza leo, nategemea libaki. Siwezi kukuapia."

"Na mtoto?"

Sahlu aligeuka. Wubit alisogea. "Baada ya miezi mitatu tutapima mbegu," alisema. "Korodani moja yenye afya inatosha. Kwanza tuihifadhi hiyo moja."

Muuguzi alikuwa ameanza kuisukuma machela kurudi wodini, Anjulo akaushika ukuta kwa mkono, ikasimama.

"Dokta, niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Hayo uliyosema. Kwamba si saratani. Kwamba ulikosea. Kwamba mguu ni ugonjwa na una dawa. Mjomba amekwisha kusikia nina saratani. Jumatatu anamweka mtu mwingine shimoni mwangu. Maneno yangu hatayasikiliza. Karatasi yenye muhuri ataisikiliza."

Madaktari wa umri wa Sahlu hawakuandika karatasi za namna hiyo, na muuguzi alijikuta anatazama sakafu.

"Mguu utachukua miezi," alisema Sahlu. "Pengine mwaka."

"Andika na hilo."

Sahlu aliomba kalamu. Aliandika akiwa amesimama, karatasi juu ya ukingo wa machela, karibu na goti la mgonjwa, na aliandika taratibu ili mwandiko usomeke. Alipofika kwenye sentensi ya kosa aliiandika kwa jina lake kamili. Kisha alimtuma muuguzi akalete muhuri.

Anjulo alisoma mara mbili, kidole chini ya kila mstari. Alimpa Ayelech aiweke kwenye kopo.

"Haya," alimwambia Wubit. "Dawa ziko ghorofa gani?"